Kijana wa hoki aliyenifanya nimuulize mathe swali gumu

Wasee, leo nataka kuwaambia kuhusu msee ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia. Aliitwa Logan Boulet. Alikuwa Mkanada kutoka mji wa Lethbridge, mchezaji wa hoki ya barafu, beki, jezi namba 27. Alikufa tarehe 7 Aprili 2018. Alikuwa na miaka 21 na mwezi mmoja.

Najua mnachouliza. Mtoto wa Nairobi anahusika wapi na hoki ya barafu? Jua hili letu na barafu wapi na wapi?

Hoki ya barafu mimi niliijua kupitia Ice Lions, ile timu yetu iliyoanzia kwenye uwanja mdogo wa barafu wa Panari, Mombasa Road. Mwaka 2018 hao wasee walipelekwa Kanada kucheza mechi, wakapewa jezi na vifaa kamili, na ghafla wakajikuta upande mmoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, majina makubwa kabisa ya huo mchezo. Video yake ilizunguka sana. Mimi niliitazama kama mara kumi, na simu ikadhani nimekuwa shabiki, ikaanza kuniletea hoki kila siku. Ndiyo venye usiku mmoja, nikiwa kitandani na bando inaelekea kuisha, niliona picha ya gongo la hoki limeegemezwa nje ya mlango wa nyumba, taa ya nje ikiwaka. Halafu nyumba nyingine, gongo na taa. Halafu nyingine. Karibu nchi nzima ilikuwa imeweka magongo nje. Nikataka kujua kumetokea nini.

Kilichotokea ni hiki. Ijumaa tarehe 6 Aprili 2018, timu ya vijana inayoitwa Humboldt Broncos ilikuwa kwa basi ikitoka mji wa Humboldt, mkoa wa Saskatchewan, kwenda Nipawin kucheza mechi ya mtoano. Ilikuwa jioni. Kwenye makutano ya barabara mbili katikati ya mashamba, trela iliyotakiwa kusimama haikusimama. Basi likagongana nayo. Ndani ya basi kulikuwa na watu 29. Walikufa 16: wachezaji 10, kocha, msaidizi wake, dada aliyekuwa akiwatibu wachezaji, dereva, mtangazaji wa redio, na kijana wa miaka 18 aliyekuwa anaweka takwimu za timu. Wale 13 waliopona, kuna ambao wameachwa na majeraha ya kuishi nayo maisha yao yote.

Kuna kitu kimoja hapo kiliniuma sana. Hao vijana walikuwa wamepaka nywele rangi ya dhahabu wote pamoja kwa sababu ya mtoano, mambo tu ya timu, venye vijana hufanya. Sasa baada ya ajali wakawa wanafanana. Wawili wakachanganywa. Familia moja iliambiwa mtoto wao amekufa kumbe yuko hai hospitalini, na nyingine ikaamini wa kwao yuko hai kumbe ndiye aliyekufa.

Dereva wa trela, aliyekuwa na wiki chache tu kwenye hiyo kazi, alikiri makosa yote na akahukumiwa miaka 8. Saskatchewan ikalazimisha madereva wapya wa malori kupata mafunzo kabla ya leseni. Hiyo ni hadithi yake peke yake, na Mkenya hahitaji kuelezwa sana. Sisi tunajua basi la vijana na trela ni nini. Machi 2024 basi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta liligongana na trela pale Maungu, karibu na Voi, na wanafunzi 11 wakafa wakiwa kwenye safari ya masomo. Wengi wetu tulikuwa na mtu tuliyemjua anayesoma pale. Tulipiga simu usiku huo tukiomba tu ishikwe.

Lakini nilitaka kuongea kuhusu Logan.

Logan hakufia barabarani. Alifikishwa hospitali mjini Saskatoon, mashine zikamshikilia, na madaktari wakawaambia wazazi wake kwamba ubongo umeumia kiasi cha kutorudi. Hapo ndipo mzazi huulizwa swali ambalo hakuna mzazi amejiandaa kulijibu: mtoto wenu hatapona, je, mtakubali viungo vyake viwasaidie wengine?

Wazazi wake walikuwa na jibu. Na si kwa sababu walikuwa majasiri kuliko wazazi wetu. Walikuwa na jibu kwa sababu Logan mwenyewe alikuwa amewapa.

Ilianzia kwa kocha wake wa mazoezi, Ric Suggitt, ambaye pia aliwahi kuwa kocha wa timu ya taifa ya raga ya Kanada. Suggitt alikufa Juni 2017, ghafla, damu ilivuja kwenye ubongo. Alikuwa amejiandikisha kutoa viungo, na watu 6 wakasaidiwa. Logan alipopata hizo habari, aliwaambia wazazi wake kwamba yeye pia atafanya hivyo akifikisha miaka 21. Fikiria mzazi anavyoskia kitu kama hicho kutoka kwa kijana mzima wa afya. Unasema sawa, sawa, na unabadilisha mada. Tarehe 2 Machi 2018 akafikisha miaka 21. Akajiandikisha, na babake akajua. Wiki tano baadaye akapanda lile basi.

Viungo vyake vilienda kwa watu 6. Sita, kama vya kocha wake.

Halafu habari zikatoka. Watu wakaanza kujiandikisha, kimyakimya, mmoja mmoja, mtandaoni. Inakadiriwa karibu Wakanada 150,000 walijiandikisha kutoa viungo kwenye siku na wiki zilizofuata. Hakuna kampeni iliyokuwa imepangwa. Wakaiita athari ya Logan Boulet. Na tangu 2019, kila tarehe 7 Aprili, watu Kanada huvaa shati la kijani, kwa sababu kijani ni rangi ya Broncos, na wanakumbushana kujiandikisha na kuwaambia familia zao.

Shati. Hapo ndipo nilikaa nikafikiria sana.

Kwa sababu sisi pia tuna mashati. Rafiki akifa tunachapisha tisheti zenye picha yake, jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Mimi ninazo tatu kabatini na nina miaka 22. Moja ni ya jirani aliyegongwa na gari akiwa kwa bodaboda. Moja ni ya mtu tuliyekaa naye dawati moja. Tunaweka picha kwa status siku nzima, tunachanga kwa kundi la WhatsApp, tunakodi basi kwenda mazishi ushago, tunalia kwelikweli. Sitaki mtu aseme ninadharau hayo. Matanga yetu ni mazuri, hakuna mtu anazikwa peke yake, na majuu wengi wangetamani hivyo.

Lakini hebu tuseme ukweli. Baada ya wiki mbili hiyo tisheti inakuwa ya kulalia. Haikuombi kitu. Shati la kijani la Logan linaomba kitu kimoja, tena kidogo: kaa chini na watu wako, uwaambie ungetaka nini. Mimi nafikiri hiyo ndiyo kumbukumbu bora ya kijana aliyekufa mapema. Imwache akiwa na kazi.

Na msidhani siri ni ile rejista. Hata Kanada, mtu akishakuwa amejiandikisha, madaktari bado huzungumza na familia. Familia ikiwa haijui, ikiwa imeshtuka, ikiwa inabishana koridoni, jina lako kwa mtandao linasaidia nini? Kilichofanya kazi kwa Logan ni kwamba aliongea nyumbani akiwa hai, akiwa mzima, siku ya kawaida tu.

Sasa turudi huku kwetu.

Mjomba wangu, kakake mathe, alikuwa na ugonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki alikuwa anaenda kusafishwa damu kwa mashine. Saa nne kwa kiti, halafu anarudi nyumbani amechoka kama mtu aliyebeba mawe. Kama umewahi kuwa na mgonjwa wa hivyo unajua wiki yote inapangwa kuzunguka hizo siku mbili. Familia iliitana kikao kuongea nani anaweza kumpa figo moja. Nilikuwa kidato cha tatu, nilikuwa napitisha chai. Nakumbuka watu wazima wote wakitazama vikombe. Mmoja alikuwa na presha, mwingine sukari, mwingine bibi yake alikataa. Mathe alipimwa, hakulingana naye. Mjomba alikufa mwaka uliofuata.

Ndivyo ilivyo kwa wengi hapa. Figo zinazopandikizwa Kenya hutoka kwa mtu aliye hai, kwa kawaida ndugu. Kama ukoo wako hauna wa kukupa, unabaki na mashine na maombi. Na pale ambapo kuna uhitaji mkubwa na vijana hawana pesa, mnajua kinachokuja. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilibidi iunde kamati ya kuchunguza huduma za kupandikiza figo nchini, baada ya madai kwamba vijana wanauza figo. Vijana wa umri wetu. Mtu ana miaka 22 na kovu ubavuni, pesa imeisha kwa pikipiki na deni.

Sisemi viungo vya waliokufa vitamaliza hayo kesho. Mambo haya yanahitaji mfumo. Ili kiungo kitumike, mtu kwa kawaida lazima awe kwenye mashine, chumba cha wagonjwa mahututi, ubongo umekufa lakini moyo bado unapigishwa damu na hewa ya mashine. Lazima madaktari wanaothibitisha kifo wasiwe wale wanaopandikiza. Lazima kuwe na orodha safi ya wanaosubiri, isiyonunuliwa. Kwetu hapa hata kitanda cha mahututi wakati mwingine kinatafutwa kwa simu usiku kucha. Kwa hiyo mtu akiniambia haamini, akiniambia wataniacha nife ili wachukue vitu vyangu, siwezi kumcheka. Uaminifu haulazimishwi. Serikali ina kazi ya kuujenga, na sisi tuna haki ya kuidai.

Lakini mnajua sheria tayari ipo? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mtu mwenye umri wa kuandika wosia anaweza kuacha neno kuhusu mwili wake na viungo vyake: ndani ya wosia, au kwa karatasi iliyowekwa sahihi pamoja na mashahidi wawili, au hata kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili. Kwa mdomo! Yaani kile Logan alifanya na wazazi wake, sheria yetu inakitambua. Sisi ndio hatujafungua mdomo.

Kwa nini? Kwa sababu nyumbani kwetu kifo hakitajwi. Ukikitaja unakiita. Nilijua hivyo na bado nikajaribu.

Ilikuwa Jumapili jioni, mathe anakata sukuma, mimi nasonga ugali. Nikasema, "Mama, nikipata ajali na madaktari waseme siwezi kurudi, nataka wachukue viungo vyangu wapewe watu."

Kisu kilisimama.

"Ushindwe."

"Mama, si nasema nitakufa..."

"Ushindwe na ulegee! Katika jina la Yesu. Ni nani amekutuma uongee hivyo kwa nyumba yangu?"

Tulikula tukitazama habari. Hakuniambia usiku mwema. Nilijiona mjinga, nikajiuliza kama hii kitu ni ya Wakanada tu.

Kesho yake nikamwonyesha picha ya Logan. Sikuhubiri. Nilimwambia tu huyu alikuwa na miaka 21, alikuwa kwa basi, na mamake alikuwa anajua anachotaka. Aliangalia picha muda mrefu, akarudisha simu bila neno. Siku mbili zikapita. Alhamisi tukiwa tunaanika nguo akaniuliza, bila kugeuka, "Hao watu sita, wako hai bado?"

Nikasema siwezi kujua kuhusu wote.

Akasema, "Mmoja wao ana figo."

Hakusema kakake. Hakuhitaji.

Kuna wale mtakaoniambia dini yenu au mila yenu inataka mwili uzikwe mzima. Nawaheshimu, na nawaambia hivi: mazungumzo haya si lazima yaishie kwa ndiyo. Kama jibu lako ni hapana, hiyo hapana pia ijulikane, ili siku ya siku mamako asibaki koridoni akikisia. Ongeeni na mchungaji wenu, na shehe wenu, na wazee wa ukoo. Muulize maswali magumu. Kitu pekee ninachopinga ni kimya, kwa sababu kimya huamua pia, na huwa hakimsaidii mtu.

Na kama hili bado ni zito kwako, kuna kitu unaweza kufanya ukiwa hai, wiki hii. Damu. Ukiwa na miaka 16 kwenda juu, uzani wa kilo 50 na afya njema, unaweza kuchangia. Haichukui hata saa moja, na soda unapewa. Wanawake wanaojifungua, watu wa ajali, watoto wenye selimundu, wote wanaihitaji, na damu haikai miezi kwa friji, kwa hiyo lazima iletwe tena na tena. Sisi hujitokeza kuchanga pesa ya mazishi haraka sana. Nikitamani kitu, ni tujitokeze hivyo mapema kidogo, kabla ya jeneza.

Kwa Logan mwenyewe sina mengi. Sikumjua. Sijui alikuwa anacheka aje, alikuwa anapenda muziki gani. Hakuwa nyota. Hakuwa Crosby. Alikuwa beki wa timu ya mji mdogo, msimu wake wa mwisho kwenye ligi ya vijana, nywele zimepakwa rangi kama za wenzake. Kitu alichofanya kilikuwa kidogo sana, kila mmoja wetu anaweza kukifanya leo jioni. Ndiyo maana kinanisumbua. Ukisoma kuhusu shujaa mkubwa unapiga makofi unalala. Huyu hakuniachia nafasi ya kulala.

Juzi mathe aliingia chumbani kwangu nikiwa nahariri video. Akasimama mlangoni, kitenge kiunoni, mikono imekunjwa. Akasema amefikiria. Akasema yeye haandiki karatasi yoyote, mambo ya karatasi hataki. Lakini akaniambia, na nikamwita dadangu aje askie ili tuwe wawili, kwamba siku yake ikifika, na Mungu aiweke mbali, wachukue kinachofaa, hasa figo.

Halafu akaninyooshea kidole.

"Lakini macho usiwape. Macho nataka kwenda nayo."

Sawa, mama. Macho tutakuachia.

Wewe je, umemwambia nani?